Kaka anamwita fundi wangu mkimbizi, na mimi cheti chake nimekifungia kwenye droo

Shikamoo Shangazi,

Pole na majukumu. Mi ni mwanao wa huku Moshi, mama wa watoto wawili, safu yako naisoma kila wiki nikiwa dukani lakini sikuwahi kuwaza ipo siku nitakaa niandike mwenyewe. Utanisamehe ikiwa ndefu, naandika usiku watoto wamelala na kifua kimejaa.

Nina fremu ya ushonaji hapa mjini, siyo mbali na soko la Mbuyuni. Sare za shule ndo kazi kubwa, halafu vitenge vya sendofu na nguo za komunio na kipaimara. Tuko mafundi wanne pamoja na mimi. Huyu ninayetaka kukwambia habari zake ana mwaka wa tano kwangu. Alikuja asubuhi moja na mkasi wake kaufunga kwenye gazeti, futi shingoni, akaomba nimjaribu, nikampa sketi ya marinda ya sekondari makusudi maana hiyo ndo inawaumbua wengi, akakunja marinda kwa kidole gumba tu bila kuchora chaki, akapiga pasi, yakalala yote sawa kama kurasa za daftari jipya. Siku ile ile akaanza kazi na mpaka leo wazazi wanakuja wanasema nataka ashone yule yule.

Sasa huyu fundi asili yake ni Burundi. Ye mwenyewe kazaliwa Katumba kule Mpanda, kasoma huko huko, Burundi hajawahi kukanyaga hata siku moja. Baba yake ndo aliletwa na wazazi akiwa mtoto wa miaka kumi mwaka 1972 wakati wa yale mauaji. Uraia wanao, walipewa enzi za Kikwete, na cheti chake nimekiona kwa macho yangu. Ila akiongea kuna maneno L inageuka R, hasa akiwa na haraka au akiona aibu.

Shida imeanzia kwa kaka yangu mkubwa. Kaka aliishi Sauzi miaka tisa, kwanza Johannesburg baadaye Durban akafungua kinyozi, na nisimkosee adabu, ye ndo kanisimamisha mimi, 2012 alinitumia hela nikanunua vyerehani viwili vya kwanza, bila ye nisingekuwa na hii fremu. 2015 zile fujo za Durban zikamkuta. Walivunja wakabeba mashine za kunyolea, viti, vioo, mpaka kalenda ya ukutani, akalala kwenye mahema uwanjani na wenzake, akarudi nyumbani na begi moja la mgongoni. Na hiyo ilikuwa mara ya pili, maana 2008 akiwa bado Johannesburg kuna kundi lilimsimamisha usiku likamuuliza kiwiko kwa Kizulu kinaitwaje, hakujua, wakampiga mpaka leo sikio la kushoto halisikii vizuri. Tangu arudi hajakaa sawa. Udalali wa viwanja kidogo, kahawa kidogo, muda mwingi anashinda kwenye benchi la mlangoni kwangu.

Mwanzoni ilikuwa kama utani. Eti we Mrundi, we mkimbizi, kambini mlikuwa mnakula nini. Wateja wanacheka, majirani wanacheka, na mimi Shangazi nilikuwa natabasamu nikijifanya nahesabu vifungo. Halafu ukawa mchezo wa kila siku. Jumamosi moja kuna mama kaleta mtoto apimwe sare ya darasa la kwanza, mtoto kasinzia kwenye benchi, kaka akamwambia fundi kwa sauti, hebu tuambie huyu mtoto anafanya nini hapa. Fundi kimya. Kaka akarudia, sema bwana, anafanya nini? Fundi akasema, "Anarara." Benchi zima likaangua kicheko mpaka mtoto akashtuka akaamka. Fundi hakunyanyua uso, alikuwa anajaza bobini, na bobini ilishajaa mpaka uzi unamwagika pembeni lakini aliendelea kuzungusha gurudumu tu.

Wiki iliyofuata tumefungua asubuhi nakuta kwenye meza ya cherehani yake pameandikwa MKIMBIZI kwa chaki ya kushonea, chaki yangu mwenyewe ile ya bluu. Akafuta kwa kiganja, akakaa, akaanza kazi.

Sasa hivi imevuka mipaka. Tangu lile tangazo la mwaka 2025 kwamba wageni wamekatazwa zile biashara 15, jirani mmoja wa fremu ya tatu kalishikia bango anasema na kushona kumo, na kaka kasema mbele za watu nisipomtoa fundi kabla ya msimu wa Januari atakwenda mwenyewe Uhamiaji akamchome. Nimempigia mama yetu yuko Kibosho, anasema nisigombane na kaka yangu kwa ajili ya mtu baki.

Nikwambie yote ili unishauri vizuri. Wenzake nawalipa 3,000 kwa shati la shule, ye nampa 2,000, tulikubaliana hivo tangu anaanza maana hakuwa na mtu wa kumdhamini hapa mjini na hajawahi kulalamika. Na kile cheti chake cha uraia ninacho mimi kwenye droo ya meza ya kukatia. Aliniletea mwaka wa pili baada ya chumba chake kuvunjwa, akaomba nimhifadhie. Ukweli ni kwamba mwaka jana alikiomba nikamwambia nitakitafuta, sababu nilisikia mwenye duka moja la Double Road anamtaka, nikaogopa akiwa na karatasi zake zote mkononi ataondoka katikati ya oda.

Fundi mwenyewe hasemi kitu. Juzi tu tukiwa tunafunga kaniuliza, "Bosi, ile karatasi yangu ipo?" Nikasema ipo. Akasema sawa, akachukua baiskeli yake akaondoka.

Sasa Shangazi nifanyeje? Nimwachishe fundi kwa wema nimpe nauli arudi kwao Mpanda ili nikae na ndugu yangu kwa amani, au nimvimbie kaka aliyenitoa mbali? Silali.

Mwanao, Mama Sare, Moshi

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikifika pale kwenye "ile karatasi yangu ipo?" naiweka chini kwanza.

Umeniuliza nani aondoke kati ya fundi na kaka. Huko nitafika. Lakini mbele ya kaka kuna hiyo droo, na nakuomba usisome mistari mingine ya majibu yangu kabla hujaamua kwamba kesho asubuhi ukishafungua mlango, kabla mteja hajaingia, unaitoa hiyo karatasi unamkabidhi mkononi. Usimpe kupitia kwa mtu, usiiache juu ya cherehani yake aikute. Mkononi, na umwambie mwaka jana nilikudanganya, ilikuwepo.

Nadhani hujui umekalia nini. Hao watu wa 1972 walipoingia walipelekwa kwenye mapori, Katumba na Mishamo huko ambako sasa ni mkoa wa Katavi, na Ulyankulu Tabora, wakapewa mashamba na jembe, wakafyeka, wakalima mahindi, maharage na tumbaku, wakalisha na wengine. Miaka zaidi ya thelathini wanaitwa wakimbizi, na watoto waliozaliwa humo nao wanaitwa wakimbizi. 2007 ndo serikali ikawauliza, mnarudi Burundi au mnabaki muwe Watanzania? Wengi wakachagua kubaki. Watu kama 162,000 wakakubaliwa, ikatangazwa 2010, lakini vyeti havikutoka, kukawa na mvutano kwamba lazima kwanza watawanywe mikoa mingine. Miaka kama minne hivi watu walishaukana uraia wa Burundi na karatasi ya Tanzania hawana, hawako huku wala kule. Vyeti vikaanza kugawiwa 2014. Kwa hiyo ile karatasi mwanangu ni kama deni, baba yake alianza kulidai akiwa mtoto wa miaka kumi na likalipwa akiwa ameshaota mvi. Na wewe karatasi hiyo umeikunja ukaiweka na vifungo.

Halafu angalia jambo hili kwa makini. Kaka anatishia kumpeleka Uhamiaji. Ofisa akija hapo dukani leo, fundi ataonyesha nini? Atasema karatasi ninayo ila iko kwa bosi. Nani atamwamini? Tisho la kaka lina meno kwa sababu ya hiyo droo yako. Akiwa na cheti chake na kitambulisho chake cha NIDA, kaka atakwenda Uhamiaji kusema nini sasa, kwamba raia wa Tanzania anashona sketi Moshi? Na umwambie kaka taratibu tu kwamba kumpa ofisa wa serikali habari ya uongo huku unajua ni ya uongo ni kosa la jinai, anaweza akaenda kumchoma mwenzie akaungua ye. Huyo jirani wa fremu ya tatu naye mjibu kwa kifupi, lile agizo la Julai 2025 linawahusu wasio raia. Fundi wako ni raia. Hapo habari ya biashara 15 imeisha, wala usikae kubishana naye kama kushona kumo au hakumo.

Ila sitaki uondoke hapa ukiamini kwamba fundi wako anastahili heshima kwa sababu ya karatasi. Ingekuwa katoka kambi ya Nyarugusu jana, ni mkimbizi kabisa wa sasa hivi, sheria ya wakimbizi ya 1998 ina taratibu zake za nani anaruhusiwa kutoka kambini na kwa kibali gani, na hayo yana ofisi zake. Kumfanya mtu aseme neno ili benchi licheke hakuna sheria inayokupa ruhusa hiyo kwa mtu yeyote. Sisi tuliosoma shule ya msingi miaka ya Mwalimu tulianza asubuhi kwa kukariri, binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja. Mimi nilikuwa naikariri nikiwa na njaa, miguu peku, na bado naiamini.

Sasa hiyo elfu moja. Umesema tulikubaliana na hajawahi kulalamika. Nikwambie kisa changu. Mwaka 1999 nilikuwa napika chakula cha mchana nauza karibu na jengo la mikutano la AICC hapa Arusha, mji umejaa, mahakama ya Umoja wa Mataifa ya kesi za mauaji ya Rwanda iko hapo, mazungumzo ya amani ya Warundi yako hapo, Mwalimu kafariki Oktoba, Mandela kateuliwa kushika usukani wa mazungumzo, wenye nyumba wote tumepandisha kodi. Nilikuwa na chumba cha uani. Akaja kijana wa Kirundi, mpole, ana begi na redio, nikamtajia bei mara mbili ya aliyotoka kulipa mpangaji wa kwanza. Akalipa. Miezi nane kila tarehe moja ananiletea hela kwenye bahasha, na mimi nikajiambia ameridhika, angekuwa hajaridhika si angesema. Siku moja nimetoka sokoni nakuta chumba kimefagiliwa, ufunguo uko dirishani. Hakuniaga. Agosti 28 mwaka 2000 walipotia saini ule mkataba wa amani ya Burundi hapa mjini nilisimama barabarani na wengine kupungia misafara, na nilikuwa namtafuta kwa macho kila anayepita kwa miguu. Mpaka leo nikikumbuka ule ufunguo dirishani naumia. Alinyamaza kwa sababu hakuwa na pa kwenda kusemea, na mimi nilikuwa najua hivo, na ndo maana nilimpandishia.

Na wewe ulijua. Umeandika mwenyewe, hakuwa na mtu wa kumdhamini. Basi kuanzia shati la kesho ni 3,000 kama wenzake. Na nyuma huko madaftari ya oda unayo, fundi wa sare hakosi daftari, kaa na kalamu uhesabu mashati yake yote ya miaka hii, utapata hela nyingi itakushtua, usiogope. Huwezi kulipa mara moja, mwambie nitakulipa kila mwezi kiasi fulani, muandikiane. Hii wala siyo sadaka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa kabila, kwa utaifa au kwa mahali alikotoka, na akiamua kwenda CMA, ile tume inayoamua migogoro ya kazi, ana haki zote. Lakini natamani ulipe kabla hajafikiria huko.

Akishapata cheti na hela yake akaamua kwenda Double Road? Aende. Utaumia Januari, utashona usiku, wazazi watakusumbua, ila atakuwa ameondoka kama fundi anavyoondoka kwa bosi mmoja kwenda kwa mwingine. Na labda haondoki. Usimuulize siku hiyo hiyo.

Haya, kaka.

Kaka yako nimemsoma na nimemuonea huruma sana, usidhani namchukia. Kwa Kizulu kiwiko wanasema indololwane. Mei 2008 hiyo ndo ilikuwa mtihani huko Johannesburg, wanakusimamisha, sema hili neno, ukishindwa wewe ni mgeni. Waliuawa watu zaidi ya 60 mwezi ule, na wengine humo, kama theluthi hivi, walikuwa Waafrika Kusini wenyewe, maana ukishaanza kupima watu kwa ulimi na rangi huwezi kujua utampata nani. Kwetu hapa ni hivo hivo. Muha wa Kigoma, Mtanzania wa baba na babu, Kiha chake kinafanana na Kirundi, kila siku anasimamishwa anaambiwa we Mrundi toa karatasi. Hata sisi wa kaskazini tukishuka Dar wanatutambua tukifungua mdomo tu, wanatuigiza. Na huyo kaka kateremka mpaka Sauzi, akaulizwa kiwiko, akapoteza sikio. Halafu kakaa kwenye benchi la mdogo wake anamwambia mtu, sema analala.

Sidhani kama anajua anachofanya. Kuna watu wakishapigwa wanatafuta mahali ambapo wao siyo wa chini kabisa, na fundi wako amekaa pale pale karibu kainama, ndo akampata. Hiyo haimpi ruhusa. Lakini inakwambia uongee naye vipi. Usimwambie pale mlangoni, usimwambie mbele ya wauza mitumba, ni kaka yako mkubwa na ukimvunjia heshima hadharani utampoteza na hatakusikia. Mchukue Jumapili mpande Kibosho kwa mama, mle, halafu mkiwa watatu muulize habari za Durban. Muache aongee, najua mnazijua, muache tena. Muulize siku wanavunja kinyozi chake nani alikuwa anacheka. Muulize kama kuna jirani yeyote, mtu wa pale pale Durban, aliyesimama akasema mwacheni huyu. Kama alikuwepo mtu huyo atamkumbuka mpaka shati alilovaa. Kama hakuwepo, hilo nalo atalijua vizuri kuliko sisi. Hapo ndo umwambie, kaka, neno uliloulizwa wewe lilikuwa kiwiko, na fundi wangu unamuuliza kulala. Usiongeze kitu. Nyamaza, hata akikasirika akatoka nje akazunguka migombani, mwache azunguke.

Na mama mwambie kwa upole kwamba mtu baki huyo ndo kashona sare za nusu ya watoto wa mtaa, na kwamba mwanawe alipolala kwenye mahema Durban alikuwa mtu baki kwa kila mtu aliyepita pale. Mama zetu wa uchagani wanajua uchungu wa mtoto aliye mbali kuliko akina mama wengi. Kila Desemba mnawasubiri watoto wenu warudi kutoka kila kona ya nchi, duka la mtaani Dar es Salaam mpaka likaitwa kwa Mangi, Warombo wanavuka kila leo kwenda Taveta na Loitokitok kutafuta kibarua na biashara. Mama ataelewa.

Kuna jambo la hela pia kati yako na kaka. Vile vyerehani viwili vinakufunga mdomo. Kila akimtukana fundi unakumbuka 2012 unanyamaza. Andika hilo deni, hata kama alisema ni zawadi, mwambie kaka nataka nikurudishie kidogo kidogo, na benchi la mlangoni ni lako, kahawa ni yako, ila humu ndani hakuna mtu anaitwa kwa kabila lake wala kwa kambi. Ukisharudisha hata cherehani kimoja utashangaa sauti yako inavyotoka. Shukrani unadaiwa wewe mwenyewe moyoni mwako kila siku, hiyo endelea nayo, lakini isilipwe kwa mgongo wa fundi.

Kumwachisha kwa wema na nauli ya Mpanda nimekuachia mwisho kwa sababu nimeona aibu kwa niaba yako, na najua na wewe uliona aibu ulipoiandika. Huyo mtu kwao ni Tanzania nzima kama wewe. Kapanga chumba Moshi, ana baiskeli Moshi, ana miaka mitano ya marinda Moshi. Ukimpa nauli unamkimbiza tu mara nyingine, safari hii kwa tabasamu.

Jambo lililobaki ni gumu kidogo ila nakuomba ulifanye. Matusi yametolewa mbele ya watu, na wewe ulitabasamu mbele ya watu. Habari ya mshahara mmalizie faragha, hayo ni yenu wawili. Lakini ile Jumamosi ya mtoto aliyesinzia, hiyo irudishe pale pale. Mafundi wakiwa wamekaa wote, na jirani akiwepo ni vizuri zaidi, sema, siku ile nilitabasamu na sikutakiwa kutabasamu, fundi nisamehe. Sentensi moja. Asipojibu usimlazimishe ajibu, ana haki ya kuendelea kujaza bobini yake.

Cheti ukishamkabidhi, mwende wote mkatoe kivuli viwili vitatu, wakili avigongee muhuri, kimoja abaki nacho mfukoni akiwa kazini, na ile halisi mnunulie faili la plastiki la kufunga maana mvua za vuli zimeanza na kile chumba chake umesema kilishavunjwa mara moja. Kama hajui pa kukiweka mwambie achague mwenyewe mtu wa kumhifadhia. Asipokuchagua wewe usinune.

Niandikie ukitoka Kibosho.

Shangazi, Arusha